Si Kila cha Zamani ni cha Mjerumani: Dhana Potofu Kuhusu Vifaa vya Mkono Vilivyotumika

Kwenye meza za vyuma vilivyotumika pale Mwanjelwa jijini Mbeya, kwenye vibanda vya Mlandege mjini Iringa au kwenye turubai lililotandikwa chini siku ya gulio, randa iliyoota kutu haikosi wakili. "Hii ya Mjerumani, kaka, hupati tena." Bei inapanda papo hapo. Maneno ya aina hiyo yako mengi, na mengi yanawapotosha mafundi waliobobea kwenye mbao lakini hawajazoea kununua vifaa vya zamani.

"Ni cha Mjerumani, ndiyo maana kimedumu"

Utawala wa Mjerumani ulikoma Nyanda za Juu Kusini mwaka 1916, vita ilipofika huku. Baadhi ya vifaa vya Kijerumani vilivyoingia baadaye vilipitia kwenye karakana za misheni, na Wabenediktini wa Peramiho ni mfano mmoja. Kwa hiyo vipo, ila umri wake husomwa kwenye chapa, si kwenye mdomo wa muuzaji. Ukikuta maandishi "West Germany" au "W. Germany", nchi yenye jina hilo ilikuwepo kati ya 1949 na 1990. Patasi hiyo haikumwona Mkwawa. "Germany" peke yake au "Made in Germany" haikupi mwaka, kwa sababu maneno hayo yalianza kugongwa kwenye bidhaa baada ya sheria ya Uingereza ya 1887 na yanagongwa hadi leo.

Sehemu kubwa ya vifaa vya zamani vinavyoonekana huku ni vya Sheffield, Uingereza: Record, Marples, Spear & Jackson, Footprint. Hata Stanley, kampuni ya Marekani, ilikuwa na kiwanda chake Sheffield, na randa nyingi zenye jina hilo zimeandikwa "Made in England". Record ilianza kutengeneza randa za chuma mwaka 1931 kwa kufuata umbo la Stanley, ndiyo maana namba zake zinafanana: 04 ya Record ni sawa na namba 4 ya Stanley, yenye kisu cha inchi 2.

Jina zuri halifufui chuma kilichokufa. Beba tupa ndogo laini mfukoni. Gusa nayo kona ya patasi karibu na makali, upande wa mgongo ulio bapa. Ikiteleza huku ikikwaruza kidogo sana, chuma bado kina ugumu. Ikiuma kama inavyouma msumari, kimelainika, awe amekitengeneza Mjerumani au Mchina. Ni lazima iwe mgongoni, kwa sababu patasi na visu vingi vya zamani viliungwa kwa tabaka mbili: stili ngumu nyembamba mgongoni na chuma laini juu yake. Ukipima upande wa juu utakikataa kifaa kizima bila kosa lolote.

"Kimeandikwa CAST STEEL, hiyo ni kasti, itavunjika"

Hili limewanyima watu patasi nzuri sana. Kasti tunayoijua, ile ya sufuria za zamani na mwili wa jiriwa, hugongwa ikapasuka. Maneno "Cast Steel" kwenye patasi au kisu cha randa yana maana nyingine kabisa. Ni stili iliyoyeyushwa ndani ya chungu cha udongo wa moto, njia ambayo Benjamin Huntsman aliibuni karibu na Sheffield katika miaka ya 1740, kisha ikafuliwa kwa nyundo kuwa kifaa. Kuyeyusha kulisambaza kaboni sawasawa, na makali yakawa hayana sehemu laini na sehemu ngumu. Kwa ufupi, chapa hiyo ni sababu ya kukiokota kifaa na kukitazama vizuri.

"Kikiwa na kutu kimekwisha"

Swali la kuuliza ni kutu imekaa wapi na imezama kiasi gani. Kutu ya ubavuni mwa randa, hata ikiwa nyekundu kama udongo wa Njombe, haipunguzi kazi. Kutu iliyochimba vishimo kwenye mgongo wa patasi, ndani ya sentimita moja kutoka kwenye makali, ni msiba. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mashimo, kila ukinoa utapata makali yenye mapengo. Kwaruza kwa ukucha au ncha ya msumari: ukihisi unaingia vishimoni, hesabu ni milimita ngapi za kisu utalazimika kusaga hadi upite hapo. Visu vya zamani vina sehemu ngumu hadi karibu na tundu refu la katikati. Kama zimebaki milimita chache tu kufikia tundu hilo, unanunua kisu kilichomaliza umri wake.

Kwa randa, geuza tumbo juu na ulaze rula ya chuma pembeni kwa pembeni, kisha kwa urefu, ukitazama upande wa mwanga. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Ikipita chini ya rula mbele ya mdomo wa randa, bado inarekebishika kwa msasa namba 80 uliobandikwa juu ya kioo kinene, ukisukuma randa ikiwa na kisu kilichorudishwa ndani ili mwili uwe na mkazo uleule wa kazini. Zikipita karatasi nne au tano, iache, labda uwe na mashine ya kusaga.

Kuna njia mbili za kuondoa kutu zinazofaa mazingira yetu. Ya kwanza ni molasi, ileile wanayonunua wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji kwenye ndoo ya plastiki, zamisha chuma chote, funika, na uache wiki moja hadi mbili. Kwa baridi ya Juni na Julai ya Mbeya au Makete ongeza siku, maana ubaridi huchelewesha kazi. Inanuka, weka mbali na dirisha. Kipande kinachochomoza juu ya maji huliwa mstari pale maji yanapoishia, kwa hiyo kizame chote. Usitumbukize alumini wala kilichopakwa zinki.

Ya pili ni umeme: ndoo ya plastiki, kijiko kikubwa kimoja cha magadi yaliyosagwa kwa kila lita nne za maji, na chaja ya betri ya volti 12 ya aina ya zamani, kwa kuwa chaja za kisasa mara nyingi hukataa kuwaka pasipo betri. Waya hasi ushike kifaa, waya chanya ushike kipande cha chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane. Watu huharibu kwa namna tatu. Wanabadilisha waya, na kifaa ndicho kinacholiwa. Wanatumia chumvi ya mezani badala ya magadi, na inatoka hewa ya klorini. Au wanaweka kijiko cha stenlesi upande wa chanya, ambacho hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Fanya nje, pasipo sigara wala jiko la mkaa, maana mapovu yale ni haidrojeni, hewa inayolipuka ikikutana na moto.

Njia zote mbili zinaacha chuma kikiwa uchi. Kwenye ukungu wa masika kutu mpya huota ndani ya dakika chache, kwa hiyo suuza, kausha juani au karibu na jiko, na upake mafuta kingali na joto.

"Kinachong'aa ndicho kizima"

Tungependelea kununua kilichooza kwa kutu kuliko kilichong'arishwa kwa grainda. Kutu inaonyesha kila kitu. Rangi na diski vinaficha. Randa iliyopakwa rangi upya tazama pembe za mdomo na kingo za ubavu, ndipo kasti hupasuka ikidondoka sakafuni. Toa kisu, ning'iniza mwili wake kwenye kidole na ugonge kwa funguo. Mzima hulia kama kengele ndogo, uliopasuka hutoa sauti ya bati. Jiriwa ni vivyo hivyo: mstari wa rangi ya shaba au uvimbe wa kulehemu chini ya rangi maana yake iliwahi kuvunjika, na kasti iliyolehemiwa kwa haraka hupasuka tena pembeni mwa ule ule mshono.

Kwenye patasi na visu, tafuta rangi ya bluu karibu na makali. Ni alama kwamba grainda ilikichoma hadi takriban nyuzi joto 300, na ugumu umepotea hapo. Milimita mbili tatu za bluu unaweza kuzisaga taratibu, ukichovya majini kila baada ya mguso, hadi ufike kwenye chuma kizima. Bluu iliyopanda hadi katikati, rudisha mezani.

Na shoka au tezo vilivyotolewa mpini kwa kuchomwa motoni? Wauza chakavu hupenda njia hiyo kwa kuwa ni ya haraka. Moto wa mkaa unapita mbali kiwango ambacho stili inastahimili. Tundu la mpini likiwa na magamba ya kijivu ndani, pima makali kwa tupa kabla ya kutaja bei yoyote. Mpini uliovunjika ndani hutobolewa kwa drili na kugongwa utoke. Mpya uchonge kwa mkaratusi au mpera uliokauka, nyuzi zikienda moja kwa moja toka juu hadi chini.

"Kilichopungua kitachongwa"

Fundi wa mashine ya kukereza anaweza kuchonga karibu kila kitu. Shida ni hesabu. Skrubu za Stanley na ndugu zake si za milimita, na wala si za inchi za kawaida. Vyuma vinavyoshika mpini wa nyuma na kirungu cha mbele vina uzi wa namba 12 wenye meno 20 kwa inchi, kipimo ambacho duka la bolti la Mbeya halina. Ukikazia kwa nguvu bolti ya milimita, M5 au M6, unaharibu uzi wa kasti, na hapo ndipo randa inakufa kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei ya randa, hesabu: mwili, kitako kinachokaliwa na kisu, kisu, bamba linalolala juu ya kisu, kibano cha juu, gurudumu la shaba la kurekebisha kina, mkono wa kusogeza kisu kushoto na kulia, mpini na kirungu. Mpini wa mbao uliovunjika ni kitu kidogo, mninga unaufanya upya kwa nusu siku. Kibano au gurudumu likikosekana, lipa bei ya kilo ya chuma chakavu na uiweke kama ya kutolea spea.

"Spana ni spana"

Hapa ndipo wenye mashine za kusaga za Lister wanapopata hasara. Mashine hizo za Kiingereza zina bolti za Whitworth, kipimo cha zamani cha Waingereza, na spana ya Whitworth haiandikwi upana wa mdomo wake bali unene wa bolti. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa karibu milimita 13.3. Spana ya 13 haiingii. Ya 14 inaingia na kulegea, na ukivuta kwa nguvu inakula pembe za nati. Spana za inchi zisizo na W, kwa kawaida zenye A/F, hupimwa upana wa mdomo: 3/4 ni milimita 19.05, hiyo ya 19 inashika. 9/16 ni 14.3, hapo ya 14 inagoma. Seti ya W iliyosahaulika chini ya rundo ni mali kwa mwenye Lister, na kwa fundi wa Toyota ni uzito tu begani.

Madogo madogo

Msumeno wa mkono wenye meno meusi au ya bluu hauchongeki. Meno hayo yamekazwa kiwandani na tupa itateleza tu, yakifa, umekwisha. Maneno "Warranted Superior" kwenye kitufe cha shaba si jina la kiwanda, viwanda vingi viliyatumia.

Namba ya biti ya kekee huhesabiwa kwa moja ya kumi na sita ya inchi: 8 ni nusu inchi. Angalia skrubu ya nchani na miguu miwili ya kukatia. Miguu hiyo hunolewa kwa ndani pekee. Ukinoa nje, tundu linakuwa jembamba kuliko mwili wa biti, na biti inanasa.

Pimamaji: soma, igeuze mashariki magharibi palepale, usome tena. Povu likihama, kioo kimehama.

"Mtoto wa marehemu kaniuzia, yameisha"

Sanduku la fundi mzee aliyefariki ndilo lenye hazina, kwa kuwa vifaa vimekaa pamoja na havijapitia kwa wauza chakavu. Lakini mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kijana akiuza kimya kimya na ndugu wakaja kudai, unaweza kunyang'anywa vifaa, na pesa yako utaifuata kwa aliyekuuzia. Omba kuona hati ya uteuzi, andikishaneni kifaa kwa kifaa pamoja na chapa zake, na shahidi asaini.

Kipande cha reli kinachouzwa kama fuawe ni habari nyingine. Kinafanya kazi vizuri mno, na ndiyo sababu kinaibwa. Vipande vya reli, mataruma na bolti zake ni miundombinu ya TAZARA. Bila karatasi ya mauzo halali, aliyekutwa nacho ndiye atakayejibu polisi. Nyundo kuu ya zamani yenye uso mpana, ikichimbiwa kwenye gogo huku uso ukitazama juu, inatosha kunyooshea misumari na kufulia patasi ndogo.