Jaji Archbald: alivuliwa ujaji bila kosa la jinai

Jaji wa shirikisho nchini Marekani hana muhula. Katiba humwachia kiti maadamu mwenendo wake ni mwema, na sharti hilo ndilo lililomwangusha Robert W. Archbald tarehe 13 Januari 1913: Baraza la Wawakilishi lilimshtaki na Seneti ikamhukumu, ingawa hakushtakiwa kwa kosa lolote la jinai.

Alianza ujaji mwaka 1885 huko Lackawanna, Pennsylvania. Mwaka 1901 Rais McKinley alimteua katika mahakama ya shirikisho ya ngazi ya chini. Mwaka 1911, chini ya Rais Taft, akawa jaji wa rufani na kupangiwa Mahakama ya Biashara. Mahakama hiyo ya majaji watano, iliyoundwa kwa sheria ya 1910, ilisikiliza kampuni za reli zilizopinga amri za tume iliyosimamia viwango vya usafirishaji.

Archbald aliishi Scranton, mji wa migodi wenye vilima vya makapi ya makaa ya mawe. Makapi hayo yakichekechwa na kuoshwa hutoa makaa madogo yanayouzika. Kilima kimoja, Katydid, kilikuwa kwa sehemu mali ya kampuni tanzu ya reli ya Erie. Archbald na mshirika wake waliwaendea wakubwa wa Erie wakitaka kukinunua, ilhali Erie ina kesi katika mahakama yake. Hakuhitaji vitisho: anayesubiri hukumu hamnyimi jaji kwa wepesi. Hilo ndilo lililokuwa shtaka la kwanza; maseneta 68 walimtia hatiani, 5 wakakataa.

Shtaka la nne ndilo zito zaidi kwa maoni yetu: aliandikiana barua na wakili wa reli ya Louisville and Nashville kuhusu ushahidi wa kesi iliyokwisha kusikilizwa, upande wa pili usijue.

Baraza la Wawakilishi lilimshtaki kwa kura 223 dhidi ya 1, Julai 1912, kwa mashtaka 13. Seneti hupigia kura kila shtaka peke yake, na hatia huhitaji theluthi mbili. Matano yalifikia kiwango hicho. Yaliyohusu tu siku zake za mahakama ya chini yalianguka yote, kwani baadhi ya maseneta walitilia shaka kumhukumu mtu kwa cheo alichokwisha kukiacha.

Akipatikana na hatia, kiti humtoka papo hapo. Kumzuia asishike tena wadhifa wa shirikisho ni kura nyingine, na hapo wingi wa kawaida hutosha: 39 kwa 35.

Mahakama ya Biashara yenyewe ilifutwa na Bunge, ikafunga kazi tarehe 31 Desemba 1913.