Je, wajua kwa nini waendesha baiskeli huchomoka kundini karibu na kilele, si chini ya mlima?

Septemba 28, 2025, jijini Kigali, Tadej Pogačar wa Slovenia aliliacha kundi kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, akatwaa ubingwa wa dunia. Waliomaliza mbio hizo za kilomita 267.5 walikuwa 30 tu. Wewe wa mbio za ridhaa usimwige kwenye hizo kilomita 100, utalala barabarani. Mwige mahali alipochagua kuondokea: mlimani.

Mwamuzi wa haya yote ni upepo. Kwenye tambarare, kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya nguvu zako zinaishia kusukuma hewa. Aliyejibanza nyuma ya mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu. Ukichomoka hapo, watu 20 wanakufuata kwa kupokezana na wewe unakata upepo peke yako. Mlimani mambo hugeuka. Mtu na baiskeli yake wenye kilo 80, wakipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 18 kwa saa, wanahitaji wati kama 280. Takriban 235 zinapambana na uzito, na upepo hauli hata 30. Kujibanza hakuna faida kubwa tena, kila mtu anajibeba.

Sasa mbona usiondoke mapema, mlima unapoanza? Kwa sababu hapo kila mtu ana miguu mibichi, na wewe utapanda mlima mzima ukihema. Zikibaki mita 300 hadi 500 kufika juu, wenzako wameshaanza kuhesabu nguzo wakisubiri kupumua kileleni. Halafu kuna hesabu ya macho: pengo la sekunde 10 kwa kilomita 15 kwa saa ni mita 42 hivi, wanakuona hadi soksi. Sekunde hizohizo 10 kwenye mteremko, kwa kilomita 60 kwa saa, ni mita 167. Kona moja tu, umepotea.

Ukiwa mbele kabisa usijaribu, maana wote wanakuona na watakudaka gurudumu, yaani watajibanza nyuma yako. Kaa nafasi ya tano hadi ya nane. Ongeza giya moja au mbili nzito kabla hujasimama juu ya pedali. Ukibadili huku umekandamiza kwa nguvu zote cheni huruka, na ule mlio wa "kraa" unawaamsha waliosinzia. Wapite kwa upande wa pili wa barabara ukiwa tayari na kasi. Sukuma sekunde 15 hadi 20, kisha chungulia chini ya kwapa, kwani ukigeuza shingo baiskeli itayumba. Ukiona gurudumu la mtu, legeza, utajaribu mlima unaofuata. Ukiona lami tupu, keti, ushuke hadi kasi unayoweza kuidumisha dakika 20.

Wengi hufia hapo. Pengo huwalevya, wanashikilia mbio zilezile dakika mbili nzima, miguu inajaa, na kundi linawapita kabla ya kilele. Wengine huacha kukanyaga pedali pale tu barabara inapolala. Huko ni kurudisha ulichochuma: sukuma mita 200 au 300 zaidi, maana mkia wa kundi bado unapanda huku wewe unaanza kushuka.

Mkichomoka watatu hadi watano ni bora zaidi. Kila mmoja avute, yaani akae mbele akikata upepo, sekunde 20 au 30 bila kupandisha kasi anapofika mbele, la sivyo wa nyuma anakatika. Anayemaliza zamu aondokee upande upepo unakotoka, awakinge wanaosogea mbele.

Robert Chapatte, mwendesha baiskeli wa Ufaransa aliyekuja kuwa mtangazaji, alikadiria kwamba kundi la wataalamu hufuta dakika moja ya pengo kila kilomita 10. Ridhaa ni nadra kuona hilo: hakuna redio, timu hazijapangika, na kila mtu anamtegea mwenzake kwa kuogopa kumvuta mpinzani. Mwenzako wa klabu aliyebaki kundini nyuma akae nafasi ya pili na asivute hata mita moja.

Kula dakika 15 kabla ya mlima, kwani ukianza kupanda mdomo ni wa kuhemea tu. Lenga gramu 60 za wanga kwa saa, yaani kama ndizi mbili na chupa ya maji yenye sukari kidogo.

Kwenye mteremko shika usukani sehemu ya chini, viwiko ndani. Kukalia bomba la juu la fremu kumepigwa marufuku na UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, tangu Aprili 2021. Breki zishikwe kabla ya kona. Ukizibana katikati ya kona yenye mchanga, tairi la mbele ndilo litakalotangulia kuondoka.