Kuigeuza CV kuwa tovuti: anza na kazi tatu ulizofanya

Kila vyuo vinapofunga mwaka napokea maombi ya aina moja: "Kaka, nitengenezee tovuti ya kutafutia kazi, CV nimeshakutumia WhatsApp." Nikiifungua hiyo CV nakuta kurasa nne. Jina, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, shule ya msingi hadi chuo, mistari miwili mitatu ya uzoefu, na mwishoni wadhamini watatu pamoja na namba zao za simu. Anachotaka mwenyewe ni hayo hayo yapandishwe mtandaoni, yapakwe rangi, na picha yake ya suti ikae juu.

Siianzi kazi hiyo kabla hatujakaa tukazungumza. Mwajiri anayefungua linki yako tayari ana PDF mkononi. Ukimpeleka akakute yale yale aliyokwisha kuyasoma, umempotezea muda na bando. Amebofya kwa sababu anataka kuona kazi yenyewe, na kazi haionekani kwenye CV, inatajwa tu.

Nitoe mfano wa fundi wa sola, kijana aliyesomea umeme VETA. CV yake ilikuwa na mstari huu: "Ufungaji na ukarabati wa mifumo ya sola katika taasisi mbalimbali." Mstari kama huo anaweza kuuandika hata aliyekuwa anashika ngazi wenzake wakipanda. Nikamwuliza, kati ya taasisi hizo, ni ipi iliyokutoa jasho? Hapo ndipo alipofunguka. Kulikuwa na zahanati ambayo friji yake ya chanjo ilikuwa inazimika alfajiri. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo muuguzi alikuwa anaamka usiku kuzihamishia kwenye kasha la barafu. Waliomtangulia walishauri zinunuliwe betri mpya. Yeye aliomba alale pale pale, akawa anapima matumizi ya umeme saa hadi saa, akagundua kwamba televisheni ya sehemu ya kusubiria na soketi za nyumba ya watumishi zimeungwa kwenye laini moja na friji. Akaitenga laini ya friji, akaipa breka yake, yaani swichi ya kukata umeme, na hayo mengine akayaondoa kwenye betri za friji. Betri zile zile zikaanza kudumu hadi asubuhi.

Habari yote hiyo alikuwa nayo kichwani, na picha zipo kwenye simu yake, lakini kwenye CV haikuwemo hata kidogo. Tukaiandika kwa aya nne fupi: tatizo lilikuwa nini, alikuta nini, alifanya nini, na hali ikawaje baadaye. Picha mbili tu: boksi la breka kabla na boksi hilo hilo baada ya waya kupangwa na kuandikwa majina. Chini yake tukataja daraja la leseni yake ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Injinia yeyote akifika kwenye sentensi ya kupima usiku kucha, anajua anayeongea naye ni fundi.

Kazi tatu za namna hiyo zinatosha tovuti nzima. Kumi zinachosha, na mara nyingi saba kati yake ni za kujazia. Mhitimu ambaye hajaajiriwa bado anaweza kutumia mradi wa chuo, mafunzo kwa vitendo, hata hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa alichokisaidia mtaani kwao, mradi aeleze alichokifanya yeye mwenyewe. Ukiandika "tulifanya" kuanzia mwanzo hadi mwisho, msomaji hajui akuajiri wewe au mwenzako.

Kuna fani ambazo kazi yake haioneshwi hadharani. Mhasibu hawezi kuanika vitabu vya mwajiri wake. Atengeneze jedwali la mfano lenye tarakimu za kubuni, aseme wazi kwamba ni za kubuni, kisha aeleze anavyosuluhisha hesabu za benki hatua kwa hatua. Muuguzi asiweke picha ya mgonjwa hata iliyofichwa sura. Aeleze utaratibu alioubadilisha wodini na faida iliyopatikana, inatosha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza kila ninapoliona: namba za wadhamini. Mwalimu wako alikubali umwandike kwenye barua ya maombi, inayosomwa na watu wachache ofisini. Hakukubali namba yake iwe wazi kwa dunia nzima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, lakini hata pasingekuwa na sheria, heshima tu ingetosha kutuzuia. Andika kwamba wadhamini watapatikana wakihitajika, basi. Ondoa pia namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, mtaa unaokaa, na picha za vyeti. Wale matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanabahatisha tu. Tapeli mwenye jina lako kamili, namba ya kitambulisho na simu ya bosi wako wa zamani hana haja ya kubahatisha. Cheti kilichopigwa picha vizuri nacho ni zawadi kwa mwenye kughushi. Kitaje kwa jina, chuo na mwaka. Nakala ataipata mwajiri siku ya usaili.

Sehemu ya juu ya ukurasa, ile inayoonekana kabla ya kuteremsha kidole, iseme wewe ni nani, unafanya nini, uko mji gani na unatafuta kazi ya aina gani. Majina yetu yanafanana mno. Ukimtafuta Juma Hassan kwenye Google utapata umati. "Juma Hassan, fundi wa sola, Dodoma" ni mtu mmoja, au angalau wachache. Maneno hayo hayo yaweke kwenye kichwa cha ukurasa kinachosomwa na kivinjari, kwa maana ndicho Google hukitumia mara nyingi, na linki ikitumwa WhatsApp ndicho kinachojitokeza pamoja na picha ndogo na maelezo mafupi. Huku kwetu nafasi za kazi huzunguka kwenye magrupu. Linki inayojitokeza imeandikwa "Home" peke yake watu huipita.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Anayeogopa kuandika msimbo wa kompyuta (code) aanze na Google Sites. Aliye tayari kujifunza kidogo HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, atumie GitHub Pages. Zote mbili ni za bure. Ukipata hela kidogo, nunua jina lako: linaloishia na .me.tz kwa Tanzania, au .me.ke kwa Kenya. Hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo usilinunue kama huna hakika ya mwaka unaofuata. Picha za simu punguza kabla ya kuzipandisha. Picha moja inaweza kuwa na MB 4, na upana wa pikseli 1200 unaitosha kabisa, ikabaki na KB 200 hivi. Kitufe cha WhatsApp, kwa namba ya Tanzania, ni linki ya wa.me/255 ikifuatiwa na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo.

CV yenyewe usiitupe. Serikalini maombi hupita Ajira Portal, nayo ina sehemu zake za kujaza. Kampuni nyingi nazo bado zinataka PDF. Kinachobadilika ni kwamba juu ya PDF, kando ya barua pepe, sasa kuna anwani ya tovuti. Iandike kwa herufi zinazosomeka, isijifiche nyuma ya neno "bofya hapa", maana mwenye ofisi anaweza kuwa ameichapisha kwenye karatasi.

Kabla hujaituma popote, mpe linki mtu asiyejua kazi yako, mwenye simu ya bei nafuu, atumie data na siyo WiFi. Mwache dakika moja, kisha mwulize: huyu mtu anafanya kazi gani, ameshafanya nini, na ukimhitaji unampataje? Akikwama kwenye swali la kwanza, andika upya sehemu ya juu. Akikwama kwenye la pili, rudi kwenye zile kazi tatu, kwa kawaida utakuta umeeleza vifaa ukasahau kueleza tatizo.