Waya wa kwenye joto, tuanze na ganda kabla ya unene

Mwezi uliopita niliitwa bekari moja huku Ngamiani, Tanga, oveni inakata umeme kila ikishachemka. Nikafungua mfuniko wa nyuma nikashika waya unaoingia kwenye elementi, ile koili inayotoa joto, ganda likavunjika mkononi kama biskuti, shaba ndani nyeusi tii. Na waya ulikuwa mnene kweli, mm² 4, wakati mzigo ni kilowati 3 tu yaani kama ampea 13 kwenye volti 230. Fundi aliyetangulia aliweka waya wa ganda la PVC, ile plastiki ya kawaida ya nyumbani, ambayo mwisho wake ni digrii 70, mi nikapima pale nyuma nikakuta 140.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapochanganya. Ile digrii 70 ni joto la shaba yenyewe ikiwa inabeba umeme, sio joto la hewa. Jedwali la ampea tunalotumia, linaloonyesha waya upi unabeba umeme kiasi gani, linachukulia hewa ni digrii 30, na Tanga hii Januari chini ya bati unaipita hiyo saa nne asubuhi. Hewa ikifika 60 waya wa PVC unabaki na nusu ya uwezo wake, uliokuwa wa ampea 20 uhesabu kumi. Kwahiyo kabla hujaenda dukani pima pale waya utakapolala, mashine ikiwa imewaka muda mrefu.

Ganda la XLPE, plastiki ngumu kuliko PVC kwa joto, inaenda 90, haitoshi kwa oveni. Silikoni, ganda la aina ya raba, inafika 180 na ndo naitumia zaidi, laini, inapinda vizuri, ila ni dhaifu kwa kuchanika, ukiipitisha kwenye tundu la bati lisilo na raba mtetemo utaikata tu, basi nunua ile yenye sweta ya nyuzi za kioo juu. Teflon ni 260, ganda jembamba na gumu kumenya, kwa kazi za elektroniki naipenda sana kwasababu ukigusa na pasi ya kulehemu ganda halirudi nyuma likaacha shaba uchi kama PVC. Bei inauma, usiiweke pasipo na haja.

Shaba nayo uiangalie. Upepo wetu wa bahari una chumvi, shaba tupu inageuka rangi haraka, chukua iliyopakwa bati, na kwa ile ya 260 iwe imepakwa nikeli. Halafu jamani msilehemu kwenye teminali ya elementi! Lehemu ya kawaida ya bati na risasi inayeyuka digrii 183, waya utachomoka ukiwa na umeme. Bana kwa lagi, kile kichwa cha mwisho wa waya, ya chuma au ya nikeli isiyo na plastiki.

Ukiwa na wasiwasi kama ulichouziwa ni silikoni kweli, kata kipande kidogo ukichome nje penye upepo. PVC inatoa moshi mweusi unaokera koo, usiuvute ni asidi ile, ila silikoni inabaki jivu jeupe, na hilo jivu bado linazuia umeme, ndo maana hata ukitokea moto waya wake haushoti haraka.

Ile oveni nimeiwekea silikoni ya mm² 2.5 yenye sweta. Juzi nimepita kununua mkate nikaomba wazime nikafungua, waya bado unapinda kama siku ya kwanza.