Gede: Anzieni Kisimani, Msianze Kasrini

Likizo ya Agosti ikikaribia, jamaa na marafiki huniuliza swali lile lile: magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili kwenye pwani ya Kenya, yana nini cha kuwapeleka watoto? Mimi ni mwanaakiolojia wa miji ya kale ya pwani, na jibu langu la kwanza halina uhusiano na akiolojia. Nendeni asubuhi na mapema. Msitu una kivuli kizuri, lakini nyumba zenyewe hazina paa, na ikifika saa tano mawe yanarudisha joto usoni kama chungu cha kukaangia.

Mara hii tulikuwa sita: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe, mzaliwa wa Malindi ambaye maisha yake yote hajawahi kukanyaga Gede, ingawa ni mwendo wa kilomita kama 16 tu. "Wazee walitukataza," aliniambia ndani ya matatu. "Pale pana wenyewe, mwanangu." Sikubisha. Mtu habishani na mama mkwe, tena akiwa ndiye aliyebeba mahamri.

Wageni wengi wakishapita lango huelekea moja kwa moja kwenye kasri, kwa kuwa ndilo jengo kubwa na lango lake la tao linapendeza kwenye picha. Mimi huwapeleka watu kwanza kwenye kisima cha Msikiti Mkuu. Kasri litakuonyesha nani alikuwa tajiri. Kisima kitakuonyesha mji uliishi vipi, na pengine ulikufa vipi.

Inameni mtazame chini. Hapa hakuna mto, na bahari iko mbali kidogo, jambo linaloshangaza kwa mji wa Waswahili. Watu wa Gede walitegemea maji ya chini ya ardhi. James Kirkman, aliyechimbua magofu haya kuanzia 1948 hadi 1958, aliona kwamba kisima cha msikitini kilichimbwa tena ili kiende chini zaidi. Hakuna anayejitesa kuchimba mwamba wa matumbawe kama maji bado yapo juu. Ndiyo maana kushuka kwa maji huhesabiwa miongoni mwa sababu za mji huu kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Nyingine ni vita: Wazimba, wapiganaji kutoka kusini waliopita pwani mwaka 1589, kisha Waoromo kutoka kaskazini. Na hilo jina Gede husemwa ni la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani. Kama ni kweli, basi mji tunauita kwa lugha ya waliowatimua wenyewe.

Kutoka kisimani tulifuata maji. Pale msikitini kuna birika la kutawadha. Ndani, nguzo za mawe zimepangwa hivi kwamba safu ya kati inaukinga mihrabu, pale anaposimama imamu; aliyesali nyuma alikuwa akitazama nguzo. Mwanangu wa kati aliuliza kwa nini fundi hakuliona hilo. Fundi aliliona, nikamwambia, ila paa la mawe ni zito na boriti za mikoko zina urefu wake. Pasipo nguzo, lingewaangukia. Kabla ya kutoka, tazameni tao la mlango: pamechongwa mkuki wenye bapa pana, wa Kiafrika. Watu walikuwa wakidai miji hii ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo. Mimi humwonyesha mtu mkuki ule na kunyamaza.

Vyoo ndivyo vilivyowafurahisha watoto kupita yote. Nyumba za mawe za karne ya 15 zina choo ndani, shimo lake limejengwa vizuri, na kando yake pana mahali pa maji ya kustanjia. Kwenye ua ulioshuka chini ya usawa wa vyumba, nilianza kueleza kwa maneno yangu ya kitabuni. Mama mkwe akanikatiza: "Si kiwanda hiki? Nyumba ya bibi yangu Lamu ilikuwa na kiwanda hivi hivi." Alikuwa sahihi, ndilo jina la ua wa ndani tangu zamani, kabla neno hilo halijapewa mashine. Tangu hapo watoto walimfuata yeye, mimi nikabaki mbeba chupa za maji.

Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, ya Sarafu ya Kichina, ya Ushanga wa Venice, ya Taa ya Chuma. Tuliwauliza watoto yetu ingeitwaje. "Nyumba ya Chaja Zilizokufa," alisema binti yangu.

Swali ambalo ningependa kila mtoto aulize aliuliza mdogo: watu wengine walilala wapi? Maana nyumba za mawe ni chache, na ukuta wa nje unazunguka eneo kubwa sana. Walilala pale tulipokuwa tukitembea. Nyumba zao zilikuwa za udongo na miti, zimerudi ardhini, na msitu umeota juu yake. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, nami nilifurahi, lakini picha zote zilikuwa za kasri.

Mkiwa na bahati mtamwona sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye makalio ya rangi ya dhahabu akichakura majani makavu. Sisi hatukumwona. Kima tuliwaona, wengi mno.

Tulimalizia kwenye kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu maandishi yale. Mama mkwe aliweka kikapu chini, akajitanda vizuri kanga yake, akainua mikono. "Kwa wenyewe," akasema, akaanza Fatiha. Watoto wakainua mikono nao, hata yule mdogo. Tulipoitikia amina na kugeuka, kima alikuwa juu ya ukuta na mfuko mzima wa mahamri.