Muhogo unaoweza kusubiri

Mkaguzi wangu mkali kuliko wote ni mama mmoja anayekaanga muhogo karibu na ufuo hapa Malindi. Siku moja nilimpelekea mizizi ya mmea nilioulea miaka minne: majani mazima, ngozi safi, hauna ugonjwa hata kidogo. Akamenya mmoja, akaukata, akautia karaini, akaonja. "Mwanangu, huu una maji. Haulainiki. Nikiwauzia watu, kesho hawarudi."

Kazi yangu ni kuzalisha mbegu mpya za muhogo, na siku hizi nusu ya kazi hiyo ni kusoma jenomu, yaani maandishi yote ya DNA yaliyomo ndani ya mmea. Ukilitaja neno hilo, watu huona maabara na makoti meupe. Mimi huona shamba la Ganda au Magarini, mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, na mwenye shamba anauliza kama muhogo wake utavumilia ardhini mpaka mvua nyingine. Baina ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kavu za Afrika Mashariki, na Kilifi haikusalimika. Muhogo ndio uliobaki wa kuchimbwa. Hauhitaji mbolea nyingi, hauhitaji kumwagiliwa, na unaweza kukaa udongoni mwaka na zaidi ukimngoja mwenyewe.

Lakini una adui anayemnyima mkulima huo muda wa kungoja. Ni ugonjwa uitwao michirizi ya kahawia. Juu ya ardhi mmea unaweza kuonekana mzima kabisa. Ukichimba na kukata mzizi, ndani unakuta mabaka makavu ya kahawia kama kizibo cha chupa. Kadiri muhogo unavyokaa ndivyo mabaka yanavyozidi, kwa hiyo wakulima huchimba mapema, mizizi ikiwa bado midogo, wakaokoa kinachookoleka. Hapo ghala la ardhini limeshavunjwa. Nzi weupe hueneza virusi vyake shamba kwa shamba, ila anayevisafirisha mbali ni sisi wenyewe, tunapopeana pingili, vile vipande vya shina vya kupandia.

Dawa ya mwanzo ilitoka jirani. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930 na H. H. Storey, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, Tanzania. Watafiti wa pale waliupandisha muhogo na nduguye wa msituni, mti wa mpira ulioletwa kutoka Brazil, kisha wakarudia tena na tena kuuzalisha na muhogo wa kuliwa ili mizizi irudi kuwa chakula. Mmoja wa wajukuu wa ndoa hiyo tunao huku pwani, tunauita Kaleso. Tanzania wanauita Namikonga. DNA imethibitisha kwamba hayo ni majina mawili ya mmea mmoja.

Mwaka 2016 wanasayansi walipochapisha jenomu ya muhogo iliyosomwa kwa kina, walikuta vipande vya ule mti wa mpira vingali vimo katika mihogo mingi ya Afrika, hasa kwenye kromosomu (vifurushi vya DNA) ya 1 na ya 4. Wazee wa Amani walifanya kazi gizani na wakafaulu. Sisi tumewashiwa taa. Nikiri kwamba niliposoma matokeo yale nililala nimechelewa.

Taa hiyo shambani inafanya hivi. Kila mbegu itokayo kwenye ua la muhogo ni mmea mpya, haufanani sawasawa na mama wala baba. Zamani ungepanda maelfu, ukangoja mwaka mzima kuchimba, ukachagua, ukarudia. Aina moja ingekula miaka kumi hivi. Sasa tunapanda mamia ya mimea, tunapima mavuno, ugonjwa na unga wake, tunasoma DNA ya kila mmoja, na kompyuta inajifunza alama zipi za DNA huandamana na sifa zipi. Mche mpya ukichipua, tunatoboa vijiduara vya jani na kuvipeleka maabara. Mche usio na matumaini unang'olewa mapema, bila kungoja mizizi.

Hapa ndipo huulizwa: kwani hiyo si GMO, mmea uliobadilishwa jeni? Siyo. Kusoma kitabu si kukiandika upya. Muhogo uliobadilishwa jeni dhidi ya michirizi ya kahawia upo pia, na Kenya iliidhinisha mmoja mwaka 2021, lakini huo ni njia nyingine na mjadala mwingine.

Tatizo langu ni kwamba kompyuta haijui karai. Nilikuwa nimeifundisha kilo na ugonjwa, sikuifundisha ladha. Huku watu wanapenda Kibandameno, ambao huugua haraka, na hawataki kuuacha kwa sababu unapendeza mdomoni. Wana haki. Basi sasa akina mama wanaokaanga na wanaopika muhogo wa nazi wanaonja mapema, alama zao zinaingia kwenye hesabu pamoja na zangu. Walinikumbusha pia nionje muhogo wa kiangazi, maana ukame huongeza sumu ile ya uchungu, na mmea uliokuwa mtamu wakati wa mvua unaweza kukugeuka.

Ukipatikana mmea mzuri, bado kuna pingili. Ekari moja inataka kama 4,000, na shina moja zuri hutoa kama 10. Anza na shina moja: mwaka wa kwanza 10, wa pili 100, wa tatu 1,000, wa nne 10,000. Punje ya mahindi ingenicheka. Wala pingili haziwekwi guniani mwaka mzima, hukauka. Sayansi yote hiyo humfikia mkulima ikiwa kijiti cha urefu wa kiganja na kidogo, na kijiti hicho kikitoka shamba lenye ugonjwa, tumegawa ugonjwa.

Masika iliyopita nilimrudia yule mama na mizizi ya mimea mitatu. Mmoja aliusukuma pembeni bila kusema. Wa pili aliula wote. Akaniomba pingili kumi za kupanda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nazo sita tu.