Hofu ya Zamu za Kwanza Wodini: Dhana na Ukweli

Dhana: Nesi aliyeiva haogopi.

Anaogopa, tena aliyesoma vizuri ndiye huogopa zaidi, maana anajua nini kinaweza kuharibika. Chuoni ulikuwa na wagonjwa wawili watatu na mwalimu yuko nyuma yako. Leo una safu nzima ya vitanda, na sahihi kwenye chati ni yako. Mwaka 1974 mtafiti Marlene Kramer alikwisha kuueleza mshtuko huu wa mhitimu anayekuta kazi haifanani na darasa. Miaka kumi baadaye, Patricia Benner, naye mtafiti wa uuguzi, aliandika kwamba nesi huanza kuimudu kazi akiwa na miaka 2 hadi 3 katika mazingira yaleyale. Wewe una siku tatu.

Dhana: Ukiuliza utaonekana hujui kitu.

Kwangu hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hofu yenyewe haimdhuru mgonjwa. Kinachomdhuru ni hofu iliyofichwa. Chukua insulini. Mtu kaandika kwa haraka "4U", yaani yuniti 4, ile U ikajifunga juu, nawe ukasoma 40. Dozi imeshakuwa mara kumi. Ndiyo maana sehemu nyingi insulini, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na potasiamu ya mshipani huhakikiwa na manesi wawili, na hata mwenye miaka 20 kazini huita mwenzake.

Kuna namna ya kuuliza. Usiseme tu "sijui". Taja unachokiona: "Sista, hapa nasoma yuniti 40, naona ni nyingi. Hebu niangalizie." Ukimpigia daktari usiku, fuata mpangilio wa mambo manne: mgonjwa yukoje sasa, historia yake kwa ufupi, wewe unaonaje, unaomba nini. Mpangilio huo ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, kwa hiyo usiuone wa kitoto. Yaandike kabla hujashika simu. Sauti ikikauka, utasoma.

Dhana: Mikono ikitetemeka, mgonjwa amekwisha kukudharau.

Ile ni adrenalini tu. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta, mara tano hivi, mapigo yatashuka. Panga trei yako yote kabla ya kufunga mpira mkononi mwa mgonjwa, kisha egemeza kiganja chako kitandani unapoingiza kanula, ule mrija mwembamba wa mshipani. Mwambie unachofanya. Umekosa mshipa mara mbili? Mwite mwingine. Wazoefu nao hukosa, ila hawatangazi.

Dhana: Ukilia baada ya zamu, kazi haikufai.

Lia, ukalale. Lakini usingizi ukipotea kwa wiki kadhaa, au ukawa unatapika kila unapovaa sare, mwambie msimamizi wako na umwone mshauri nasaha. Hapo si woga wa ugeni tena.

Dhana: Wenye uzoefu huweka kila kitu kichwani.

Waangalie mifuko. Kila mmoja ana karatasi iliyokunjwa mara nne: namba ya kitanda, dawa za saa mbili, nani hali chakula kabla ya upasuaji, vipimo gani havijarudi. Andika yako wakati wa kukabidhiana zamu na ukate mstari kila unapomaliza jambo. Usiende nayo nyumbani, maana ina siri za watu. Ichane kabla hujavua sare.